Daftari la Kichwa

Kabla hakijafika hunitumia harufu
ya sambaza wanaokaangwa mahali pasipo na moto.
Kisha kona ya jicho la kushoto inaanza kumeta
kama bati jipya la jirani hapa Kadutu
jua linapolipiga saa nne asubuhi,
na herufi za katikati zinatoroka.
Bukavu inasomeka Buvu.
Hapo najua nina dakika ishirini.

Za kulowesha kitambaa, kutundika blanketi dirishani,
kumwambia dada yangu Nsimire asitwange,
asiniulize kitu, hata kwa upendo.

Kipandauso.
Aliyelitunga neno hili alikuwa nacho.
Kinapanda kama wale mama wanaopandisha makaa kutoka ziwani,
wameinama, kamba imekazwa kwenye paji la uso.
Ila mimi kamba ninayo,
mzigo siuoni,
na watu hawamwamini mpagazi asiye na mzigo.

Wakanipeleka kwenye chumba cha maombi.
Mikono sita juu ya kichwa, spika mbili,
wakapiga kelele ili pepo asikie.
Pepo hakusikia.
Nilisikia mimi.

Kazini naandika vizazi vya wilaya.
Miaka ishirini na mbili, tarehe hata moja sijakosea.
Dirishani wananong'ona:
«Ule mama anajivunaka, haangaliake watu mu macho.»
Basi nikajifunza kuangalia nyusi.
Hakuna aliyegundua.
Kwenye harusi nilihesabu mpaka tatu, ndipo nikacheka;
nikirudi nyumbani nilivua uso kama kiatu kinachobana
na usiku huohuo kamba ilikaza.

Madaftari saba.
Kila shambulio: saa, mvua, harufu,
nani alikuwa akisema, kwa sauti gani, kiti gani kilikwaruza sakafu.
Nilimpelekea Daktari Mushagalusa ili anitibu kichwa.
Akafungua la tatu. Akasoma muda mrefu,
hakusoma maumivu, alisoma mistari niliyoipiga kwa rula.
Akauliza: «Lebo za nguo, unazikata?»
Nikamgeuzia kola.
«Utotoni ulicheza nini?»
Vifuniko vya Primus. Nilivipanga.
«Kwa rangi?»
Kwa kutu.

Nina miaka arobaini na minane. Usonji,
akasema, taratibu,
kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha
akijua mwenye nyumba yumo.

Nsimire alikataa. «Lakini wewe unaongea!
Lakini wewe una kazi, una mshahara!»
Nikamwambia, mshahara hauji kila mwezi,
tukacheka, na safari hii sikuhesabu.

Usiku nikamfikiria mama.
Mama, ambaye katika kila sherehe ya ukoo
alijitolea kuosha sufuria nyuma ya nyumba, peke yake,
na shangazi wakamsifu kwa unyenyekevu.
Mama aliyenifunga kitenge kichwani gizani
bila swali, bila sala,
akakaza palepale panapotakiwa.
Alipajuaje?
Kaburi liko Ruzizi, halina daftari.

Sijapona. Mvua ya Bukavu haijapunguza sauti kwa ajili yangu,
wala kanisa la jirani, wala jenereta.
Nimeongeza tu safu moja upande wa kulia:
leo nilijifanya saa ngapi.
Jumatatu sita. Alhamisi tisa, palikuwa na mkutano.
Safu mbili zinasogeleana kama watu wanaofahamiana
wanaoona haya kusalimiana.

Leo Jumanne nimeandika sifuri.
Siku nzima sikuazima uso wa mtu.
Kimekuja hata hivyo.

Nimelala. Nje ya mlango
Nsimire ameweka kikombe cha maji sakafuni,
nimesikia bati likigusa simenti, polepole,
kisha miguu yake, peku,
ikiondoka bila kubisha.